Magoti ya Anjelika

Watu wa mtaa wetu wa Lizaboni wananiuliza mpaka leo India nilifuata nini. Wengine wanasema nilikwenda kutibiwa moyo, wengine wanasema nilikwenda kununua trekta. Nilikwenda kumchukua mtoto wangu, basi. Na yaliyotokea kule kwenye hekalu la Wahindi nayaandika mwenyewe, maana hapa Songea jambo lako usipolisema wewe, litasemwa na wauza karanga wa stendi, na litakuwa na mkia.

Mimi ni Amedeus, mwana wa Kajetani fundi cherehani. Shule yangu iliishia darasa la saba. Yaliyobaki nimejifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa maandazi. Anayelima mahindi huku kwetu ananijua kwa sababu ya ile mbolea. Msimu wa 2016 tuliuziwa mbolea ambayo haikuwa mbolea. Mahindi yakatoka ya njano, mafupi, yanatia huruma. Nikasimama mkutanoni nikasema. Bwana mmoja mwenye tai akaniuliza mbele ya watu wote: "Mzee, kwani wewe ni mkemia?" Watu wakacheka. Wakulima wenzangu, wenye mahindi ya njano kama ya kwangu, wakacheka! Nakumbuka hata meno yao, nani ana pengo na nani hana.

Nikarudi nyumbani nimeshaamua. Binti yangu wa mwisho, Anjelika, alikuwa sekondari na kemia ilikuwa inamkubali. Alipomaliza kidato cha sita niliuza miti yangu yote ya mbao, nikampeleka Rajkot, mji wa Wagujarati huko India, akasome mambo ya udongo na mbolea. Nilimwambia siku anapanda basi: "Utarudi na cheti, tutasimama wawili. Mimi nitasema, wewe utathibitisha. Tuone nani atacheka." Akasema ndiyo, baba. Miaka minne nililala na hiyo "ndiyo" yake, nikaamka nayo. Sikuwa na akiba nyingine.

Sasa mwaka wa pili akanipigia simu ana furaha mpaka sauti inakatika.

"Baba! Nimekutana na watu wa Songea huku!"

"Watu gani?"

"Mama mmoja mzee wa Kihindi. Kwao walikuwa na duka barabara ya sokoni. Kanisikia naongea na mwenzangu Kiswahili dukani, akanishika mkono. Anaitwa mama Kanchani. Anasema alimjua babu."

Nikamwambia, "Alimjua mgongo."

Maana baba yangu alikaa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la akina Kanchani miaka kumi na minane, uso barabarani, mgongo dukani. Alishona sare za nusu ya wanafunzi wa mji huu. Nyuma ya kaunta kulikuwa na mlango wenye pazia la shanga, na ndani yake, harufu ya udi ikitoka kila asubuhi, walikuwa na kabati la mungu wao. Kamungu kadogo, kanavalishwa nguo, tena nguo mpya kila sikukuu. Siku moja upepo ulifunua pazia na baba akageuka akakaona. Jioni akaniambia, "Ile nguo imeshonwa vibaya mabegani." Wanawake wa nyumba ile walikuwa wanamshonea mungu wao kwa mkono, kwa shida, na fundi bora wa Songea amekaa hatua kumi kutoka hapo! Hawakumwita hata siku moja. Mlango ule hakuuvuka. Mwaka 1983 wakafunga duka wakahama, baba akahamisha cherehani chini ya paa la mtu mwingine, na miaka mitatu baadaye akafa. Mimi sisahau. Wanaonisema kwamba nina kinyongo waseme; mtu lazima akumbuke kwa niaba ya wenziwe.

Basi toka siku hiyo ikawa mama Kanchani huku, mama Kanchani kule. Kamfundisha kupika dengu. Kamshonea blauzi. Alipougua homa kampeleka hospitali, akakaa naye siku tatu. Mke wangu, Ludovika, alipiga ishara ya msalaba aliposikia.

"Tushukuru Mungu mtoto kapata mama."

"Mama si anaye? Wewe ni nani?"

"Mimi niko Lizaboni, Amedeus. Homa ilikuwa Rajkot."

Mwanamke huyu hajui kunifariji.

Halafu ikaja habari ya mwisho, niliyoitegemea kwa woga. Mtoto wa mama Kanchani, anaitwa Hasimuku, ana maabara ya kupima udongo, na amemwambia Anjelika akimaliza chuo abaki afanye kazi pale. "Umemjibu nini?" nikauliza. Akasema, "Tutaongea ukija kwenye mahafali, baba." Tutaongea! Mimi nimeitisha mikutano ya chama changu cha wakulima maisha yangu yote, najua maana ya tutaongea.

Nikasafiri. Basi hadi Dar, ndege hadi Mumbai, treni usiku kucha, miguu imenivimba kama mihogo. Anjelika alikuwa stesheni ananisubiri, na aliponiona alinikimbilia akanikumbatia.

Hapo nieleze, kwa wasiotoka kwetu. Kwetu mtoto wa kike akimsalimia baba yake anapiga magoti. Anjelika alinipigia magoti tangu ana miaka minne, hata mvua imenyesha, hata kwenye tope, mpaka mama yake anamgombeza kwa ajili ya gauni. Na sasa amenikumbatia, kifua kwa kifua, kama ndugu wa kwenye sinema. Nikanyamaza. Nikasema moyoni, ni stesheni hii, watu wengi. Lakini kesho yake akanisalimia amesimama, ameshika kikombe cha chai. Nikanyamaza tena, na mimi nikinyamaza mara mbili ujue kuna kitu kinachemka.

Mahafali yakapita, akavaa joho, nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Jumapili asubuhi akaniambia, "Baba, leo twende hekaluni. Mama Kanchani anakusubiri. Na kuna jambo nataka nikuambie pale pale, mbele yao."

Mbele yao. Nikajua limekwisha. Mtu anayetaka kukukatalia hutafuta mashahidi. Mimi mwenyewe ndivyo nifanyavyo.

Tukapanda bajaji. Hekalu lilikuwa jeupe, limechongwachongwa kila mahali, ndovu, maua, wanawake wanaocheza, hakuna hata sehemu ya kuweka kiganja iliyoachwa wazi. Mlangoni pana kibanda cha viatu. Unavua, unampa mtu, anakupa kibao cha namba. Aliyepokea vyangu alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi. Alivipokea kwa mikono miwili. Halafu akachukua kitambaa akaanza kuvifuta vumbi. Viatu vyangu! Vyenye udongo wa Lizaboni bado kwenye soli!

Damu ikanipanda. Nikamwambia Anjelika, "Hebu mwulize huyu bwana, ana mkataba?"

"Baba, jamani."

"Mwulize anaingia kazini saa ngapi na anatoka saa ngapi."

"Baba, tafadhali, twende ndani."

"Mwambie mbele yake yuko mtu aliyewagomesha wabeba magunia wa soko la Songea siku nne nzima. Mwambie mtu mzima hapaswi kushika viatu vya watu bila glavu!"

Yule bwana hakuinua kichwa. Akageuza kiatu, akafuta kisigino, akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha kwetu kabisa, "Na hizo siku nne mlipata nini?"

"Nini?"

"Huo mgomo. Mlipata nini?"

"Tulipata... glavu."

"Hongera sana." Sasa akainua uso, anacheka kwa macho. "Amedeus, hunijui? Ulinilisha panya wa shambani nyuma ya duka letu. Ukaniambia ni kiazi cha kuchoma. Nikatapika, mama yangu akanifungia ndani siku mbili."

"Hasimuku?"

"Ndiye mimi."

"Si nasikia una maabara?"

"Maabara ni Jumatatu. Jumapili ni viatu."

"Wanakulipa?"

"Nani anilipe? Foleni ya kupata zamu hapa ni ndefu. Nimengoja miezi miwili."

Akanipa kibao changu, namba arobaini na moja, akageukia viatu vya mwingine.

Nitasema ukweli, kwa kuwa naandika mwenyewe. Wivu ulinikamata pale pale mlangoni, na haukuwa wivu wa mali. Miaka ishirini nimeita watu mikutanoni. Nimepiga ngoma, nimepita nyumba kwa nyumba, nimenunua soda. Wanakuja kumi na mbili, saba wanaangalia simu. Na hawa wanapanga foleni miezi miwili wapate kufuta viatu vya mgeni! Nani aliwaita? Walielezwaje? Niliingia ndani nikiwa natafuta spika zilipofichwa.

Ndani sakafu ni marumaru, baridi inapanda mpaka magotini. Mbele kule, miungu yao imesimama imevaa hariri, na mishono yake, nawaambia, ilikuwa safi mabegani. Nikasimama naangalia mabega ya sanamu kama mwendawazimu. Mlinzi wa mlango hakuna, kaunta hakuna. Mtu yeyote anaingia: mwenye pikipiki, mwuza mboga, mimi Mkatoliki wa Songea. Mlango ambao baba yangu alinyimwa ulikuwa wazi kwa kila mtu, na hilo badala ya kunipoza likaniongezea moto. Mbona sasa? Mbona si wakati ule?

Pembeni, kwenye ukumbi wa chakula, wanawake kama thelathini walikuwa wameketi chini wanakata mabiringanya na bamia, wanapiga soga. Katikati yao, kwenye kiti cha plastiki kwa ajili ya uzee, alikuwa mama Kanchani. Nilimjua mara moja. Nilipokuwa mtoto nikimwamkia shikamoo pale kaunta, alikuwa akiitika bila kutoa macho kwenye mizani. Amekuwa mdogo sasa, kama aliyefuliwa kwa maji ya moto.

Wale wanawake walipomwona Anjelika wakapiga kelele za furaha, kila mmoja anamvuta kwake. Mtoto wangu! Akapita katikati yao, akafika kwenye kile kiti, na hapo ndipo akapiga magoti.

Magoti yote mawili. Juu ya marumaru. Akainama, akashika miguu ya yule mama kwa mikono miwili, akabaki vilevile, na yule mama akamwekea kiganja kichwani. Wakabaki hivyo kwa muda mrefu kuliko salamu yoyote niliyowahi kupewa mimi.

"Anjelika! Simama!"

Sauti yangu imezoea viwanja vya mpira. Ukumbi wote ukageuka. Visu vikasimama juu ya bamia.

"Simama juu! Huyu unayemwangukia, babu yako alikaa kibarazani kwake miaka kumi na minane kama mbwa wa kulinda! Hakuvuka mlango! Na mimi baba yako hujanipigia goti tangu nishuke treni. Nilikuleta huku upate mdomo, kumbe umekuja kuuza magoti!"

Hakusimama. Alifumba macho tu. Mama Kanchani ndiye aliyeniangalia, na safari hii aliniangalia hasa.

"Ni kweli," akasema.

"Nini kweli?"

"Kajetani hakuvuka mlango. Mama mkwe wangu alikataza, alisema atapanajisi mahali pa ibada. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mwanamke mzima, mdomo ninao. Sikusema kitu. Ni kweli yote."

Nisikilizeni. Miaka arobaini nilikuwa nimemwandalia yule mama hoja. Akisema hivi, nitamjibu hivi; akikataa, nitamtajia siku na hali ya hewa. Na yeye amekubali kwa maneno machache, kisha anasubiri niendelee kama nina zaidi. Nikamwonea wivu hata kwa hilo. Mimi sijawahi kusema "ni kweli" kwa mtu aliyenishtaki.

Ndipo Anjelika akazungumza, bado yuko chini, taratibu.

"Baba, nilikuwa naaga."

"Unaaga nini?"

"Naaga. Kazi ya Hasimuku nilishaikataa tangu mwezi wa tatu. Wote hapa wanajua. Leo nilikuwa namuaga mama, halafu nikuambie mbele yao kwamba tunaondoka wote Jumatano. Tiketi yangu iko kwenye begi."

Mtu mwenye akili hapo angeketi chini akaomba radhi. Mimi nilisema, "Sasa mbona hukuniambia kwenye simu?"

"Ungefurahia kwenye simu. Nilitaka nikuone unavyofurahi."

Mwanamke mmoja akaanza tena kukata bamia, polepole, kwa aibu ya kusikiliza.

"Na stesheni?" nikauliza. Nilishajua ni swali la kijinga, lakini lilikuwa limeshatoka. "Stesheni mbona hukupiga goti?"

"Stesheni ulikuwa unayumba, baba. Miguu imevimba, unatetemeka, watu wanakugonga na mabegi. Nilikushika usianguke."

Akasimama sasa. Akapangusa magoti yake, ingawa sakafu ile haikuwa na vumbi lolote.

"Songea nitarudi, baba. Kwetu ni kwetu. Ila kwenye chama chako sitakaa."

"Anjelika..."

"Siku nitakayokosea kupima, utanisimamisha mbele ya watu hivi hivi. Sitaki."

Hawakunifukuza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kufukuzwa. Saa ya chakula walinikalisha kwenye mstari pamoja na wengine, chini, na Hasimuku, ametoka zamu ya viatu ameingia zamu ya ndoo, akanipakulia dengu na wali. "Kula, kaka. Hakuna panya," akaninong'oneza. Nikala. Dengu zilikuwa tamu. Mke wangu hapiki dengu hivyo, na sasa mtoto wangu anapika hivyo, na si kwetu alikojifunza.

Kwenye ndege tulikaa kiti kwa kiti. Aliniuliza kama nataka maji.

Leo Anjelika yuko Hanga, wilaya jirani ya Namtumbo, mbali na mikutano yangu. Amepanga chumba kimoja karibu na barabara, ana vichupa vyake na mashine ndogo kama redio. Watu wanampelekea udongo kwenye vifuko. Hajapiga ngoma, hajapita nyumba hata moja. Nasikia wanatoka mpaka vijiji vya mbali, wa tumbaku na wa mahindi. Nasikia bwana mmoja, Saleh, alitoka Namasakata kule Tunduru na udongo wa mikorosho yake, safari ya kutwa. Nasikia, maana Ludovika ndiye anayekwenda na kurudi na habari, na mimi najifanya nasoma gazeti. Mjini wanamwita "yule binti wa Hanga." Binti wa Hanga! Hanga ilimzaa lini?

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua za kupandia, nikachota udongo wa shamba langu, nikaufunga kwenye mfuko wa sukari, nikapanda basi bila kumwambia mtu. Nilikuta foleni imetoka nje hadi kwenye mti wa mparachichi. Hakuna aliyekuwa anaisimamia. Nikaingia nyuma ya mama mmoja aliyejitaja kwa jina la Zuhura, mwenye shamba la tumbaku.

"Na wewe mzee umekuja kwa daktari wa udongo?"

"Nimekuja."

"Utafurahi. Yule mtoto ana heshima, anakueleza mpaka uelewe, hakusimangi. Sijui kalelewa na nani."

Nilifungua mdomo. Nina hakika hakuna mtu hapa Ruvuma aliyewahi kuniona nikifungua mdomo halafu nikaufunga. Nikaufunga.

Zamu yangu ilipofika nikaingia. Anjelika alikuwa anaandika. Akainua macho, kalamu ikasimama kidogo tu, nyuma yangu watu wanasukumana mlangoni.

"Shikamoo baba," akasema, kama anavyomwambia kila mzee.

"Marahaba."

"Jina la mkulima?"

"Amedeus Kajetani."

"Shamba liko wapi?"

"Ruhuwiko, upande wa bondeni."

Akaandika yote mawili. Akafungua mfuko, akausaga udongo kwa vidole. "Ulichimba kina gani?"

"Nilichota tu. Juu juu."

"Sehemu moja?"

"Moja."

"Basi huu sitaweza kuupima, utanidanganya." Akaufunga mfuko vizuri akanirudishia. "Chimba shubiri moja kwenda chini, sehemu tano tofauti za shamba, uchanganye pamoja, ndipo ulete. Ukija na wa juu juu nitakurudisha tena."

Mlangoni mtu akacheka. Sikugeuka kuangalia meno yake. Nikamwuliza, "Ni lazima sehemu tano?"

"Tano, baba."

Nikauchukua mfuko wangu, nikawapisha waliokuwa nyuma, nikatoka kwenda kusubiri basi la Songea. Kesho yake asubuhi nilikuwa Ruhuwiko na jembe, naanza na shimo la kwanza.